Barua za Nyumba ya Mapumziko

Juzi nimestaafu. Nina miaka kumi na minane na miezi miwili, na utumishi wangu wote ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Lakini Mwenyekiti wa kijiji alitangaza mkutanoni kwamba mtu anayeacha kazi akiwa mzima, tena bila kufukuzwa, huyo amestaafu, na Mwenyekiti akishatangaza jambo ndiyo limekwisha. Alihutubia mpaka vivuli vikahama. Kisha akaniita nami niseme machache. Nikasimama, nikaviambia viatu vyangu, "Ahsanteni," nikakaa. Nikapigiwa makofi mengi kuliko yeye.

Mengine niliyotaka kusema ndiyo haya. Nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, nikaruka yaliyomhusu mvulana mmoja wa Kivinje, na yaliyobaki ni yenu, Mwajuma na Tabu, mnaoshika kazi Jumatatu. Vyeo sitavizungumzia kwa sababu havikuwepo. Mshahara nao hivyo hivyo.

Nyumba mnaijua kwa nje. Ilijengwa iwe ghala la korosho la kijiji. Korosho zilipokuja, zikatosha kwenye baraza ya katibu, ghala likabaki na popo. Daktari wetu wa zahanati akaliomba. (Cheo chake halisi si daktari, lakini jaribuni kumwita kwa kile kingine muone atakavyowachoma sindano.) Alikuwa amechoka kuona wagonjwa waliopelekwa hospitali kubwa wakirudishwa na karatasi moja tu: hakuna la kufanya, mrudisheni nyumbani. Ushauri mzuri, ila nyumbani tulikuwa tumekubomoa wenyewe tulipohamia kijijini, na nyumba mpya nyingi zilikuwa miti bila udongo. Basi vikawekwa vitanda sita vya kamba ghalani, wagonjwa wa namna hiyo wakaletwa, na wanaowauguza wakaja nao.

Mwenyekiti akaandika ubao kwa mkono wake: NYUMBA YA MAPUMZIKO. Wiki ile ile wasafiri wawili wa lori la Njinjo waliingia na mizigo yao, wakaulizia chai na chumba chenye neti.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu. Kamati ikasema msomi asikae bure. Nilitaka kukataa, lakini kukataa kunahitaji kufungua mdomo mbele ya watu saba.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Anyesi. Huyu ni Mmakonde, alifanya uhudumu wa wodi miaka mingi huko misheni kabla ya kuolewa huku kwetu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mama."

"Haidhuru. Mikono unayo?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza kama anayenunua muhogo, akasema kucha zikatwe. Kisha akaniambia nilale kitanda cha tatu, chali, nisijigeuze, nisijikune, nisifukuze nzi, mpaka atakaponiambia. Nikadhani ni utani. Akaenda kuosha mabeseni. Baada ya saa moja mgongo ulikuwa unawaka, kisigino hakikuwa changu, na nzi alikuwa ameshafanya makazi kwenye mdomo wangu wa juu. Aliponiambia niinuke, zilikuwa zimepita saa tatu.

"Sasa unajua kwa nini tunamgeuza mtu kila saa mbili," alisema. "Wenye vyeti wa kule misheni waliandika hilo kwenye daftari. Wewe umeandikwa mgongoni."

Atawalaza na nyinyi. Nendeni chooni kwanza.

Vifaa ni vichache na kila kimoja kina desturi yake. Beseni lenye ukingo wa buluu ni la uso na mikono. Beseni jeupe lililobanduka rangi ni la huko kwingine. Hayabadilishani kamwe. Siku wageni wa wilayani walipokuja kukagua, Mwenyekiti alinawa mikono na uso kwenye jeupe, akajisifu maji yetu ni baridi. Sikumwambia, niliona haya. Kama anasoma hapa, ndiyo ameambiwa.

Mpira wa kutandika kitandani ni mmoja, unaazimwa pia na wanaouguza majumbani, na unarudi ukiwa na hadithi zake. Usugueni. Mafuta ya nazi ni ya mgongo na visigino vya wagonjwa, si ya nywele zenu. Majani laini ya mgomba ni ya kuwalaza wenye vidonda. Kijiko cha dawa ya maumivu, ile ya chupa ya kahawia, kimefungwa kamba mguuni mwa meza kwa sababu wageni walikuwa wanakipenda kwa sukari. Dawa hiyo hutolewa kwa saa, si kwa kelele. Msimngoje mtu alie ndipo mmhurumie.

Nimetaja wageni. Hao ndio ugonjwa wa pili wa kila mgonjwa. Sisi watu wa huku tumefundishwa kumjulia hali mgonjwa, jambo jema, na tunalifanya kumi kwa mpigo, tumekaa juu ya miguu yake. Kwanza wanamtazama. Kisha wanatazamana. Kisha mmoja anasema, "Pole sana. Hata marehemu shemeji yangu alianza hivi hivi." Kisha wote kwa pamoja, kama kwaya, "Lakini utapona, inshallah." Mgonjwa aliyekuwa anasinzia anaamshwa ili aambiwe apumzike.

Mama Anyesi hakuwafukuza hata siku moja. Aliwapa kazi. Wewe shika upepeo, wewe kachote maji mtoni, wewe fua haya, na wewe uliyesema anaonekana afadhali, njoo tumgeuze pamoja. Kundi la watu kumi lilipungua likawa la wawili, na hao wawili walikuwa watu wa maana.

Waliouguza ndio walionitesa zaidi, maana mgonjwa utampa dawa, sasa huyu anayemuuguza utampa nini? Mama Anyesi aliwapa usingizi. Kila mmoja alikuwa na zamu yake mchana: unaingia stoo, unatandikiwa mkeka, unafungiwa mlango, sisi tunashika mgonjwa wako mpaka alasiri. Wengine waliona aibu kulala jua likiwaka. Waliambiwa ni agizo la Daktari. Daktari hakuwa na habari.

Mmoja tu alitushinda: Bi. Somoe, mke wa Mzee Mbonde.

Mzee Mbonde aliletwa kwa machela, tumbo limevimba, mengine yote yamekonda. Alikuwa amesharudishwa na karatasi yake. Bi. Somoe alikuwa hajalaza ubavu chini tangu mikorosho ichanue. Alikaa sakafuni pembeni ya kitanda, akachukua kanga yake kuukuu, ncha moja akaifunga mkononi kwa mumewe na nyingine mkononi kwake, ili mzee akijitikisa naye aamke. Alisinzia hivyo hivyo, ameketi, kama mtu aliyefungiwa kituoni.

"Bibi, ingia stoo ulale kidogo," nilimwambia. Ilinichukua siku tatu kuisema sentensi hiyo.

"Nitalala, mwanangu. Rashidi akija nitalala."

Rashidi alikuwa mtoto wao pekee aliye hai, fundi mwashi, anajenga shule Songo Songo. Bi. Somoe asingemwachia mtu mwingine kanga ile. Mama Anyesi alijaribu, Daktari alijaribu, hata Mwenyekiti alikuja akamweleza Bi. Somoe juu ya ushirikiano, bibi akasinzia katikati ya hotuba, ikawa ndiyo usingizi wake mrefu wa wiki hiyo.

Basi Rashidi aandikiwe. Barua ndizo zilikuwa kazi yangu hasa, ndilo nililosomea. Nikakaa na kalamu, Mzee Mbonde akasema kwa pumzi fupi fupi, "Mwambie aje." Mimi nikamwandikia kama nilivyofundishwa shuleni, ambako mwalimu alitukata maksi tano kwa kila barua isiyoanza na hali:

*Kwako mwanangu mpendwa Rashidi. Pokea salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Ama baada ya salamu, mimi baba yako ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa mvua huku ni za wastani, na ukipata nafasi ufike nyumbani utusalimie.*

Nikamsomea. Akafumba macho, akasema, "Umeandika vizuri." Niliona fahari siku mbili nzima. Sikuona kwamba nimemwandikia mtu anayekufa kuwa ni mzima wa afya njema, tena kwa mwandiko wa kulala.

Jibu likaja baada ya wiki tatu. Rashidi alishukuru Mungu kwa afya ya baba. Yeye pia hajambo. Atakuja shule ikishaezekwa.

"Tuandike tena," nilimwambia Bi. Somoe, "tumweleze kuwa baba anaumwa."

"Usimwandikie ugonjwa, Zena. Yuko juu ya jukwaa huko anajenga, atashtuka aanguke. Halafu baba yake akisikia tumeandika ugonjwa atajua."

"Atajua nini, bibi?"

Desturi mnaijua: hakuna anayemwambia mgonjwa, na mgonjwa hamwulizi mtu. Kila mtu anajua na kila mtu anasema utapona. Tukakubaliana niandike kwamba baba hajambo, ila amepungua kidogo.

Safari hii Rashidi hakuchelewa. Kwa lori la Ijumaa alituma kifurushi kizima cha pweza mkavu, na kikaratasi: *Baba ale hii anenepe.*

Mzee Mbonde wakati huo alikuwa hamezi hata uji mwepesi. Bi. Somoe alikipokea kile kifurushi, akakishika kifuani, akasema mwanawe ana huruma. Pweza tulikula sisi.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemfanya Mzee Mbonde acheke, naye ni Mzee Kindamba, mtani wake. Koo zao ni za utani tangu mababu, kwa hiyo Kindamba alikuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo sisi wengine tungeambiwa tumeroga. Aliingia kwa kishindo, bila hodi.

"Bado upo? Nimekwisha waambia watu waje na sahani zao."

"Toka hapa, mwizi wa kuku," Mzee Mbonde alimjibu, na sauti ikarudi kama ya mtu mzima.

"Kuku gani? Kuku wako alinifuata mwenyewe, aliona kwako kuna dalili ya msiba. Hebu nyoosha miguu nikupime, nisije nikachimba shimo refu bure."

Akatoa kamba mfukoni akampima kweli, kichwa mpaka nyayo. Mzee Mbonde alicheka mpaka Bi. Somoe akavutwa mkono na ile kanga. Siku hiyo hakuomba dawa kabla ya saa yake.

Kwa bahati yetu, mgeni wa wilayani alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya pili Mwenyekiti akapigilia ubao mwingine chini ya ule wa kwanza: UTANI NI MARUFUKU. Akatueleza kwamba kumpima mtu kaburi akiwa hai ni mambo ya kikale, hayaendani na kijiji kinachokwenda mbele, na kwamba mgonjwa anahitaji maneno ya kujenga. Kindamba akazuiwa mlangoni. Maneno ya kujenga yakaletwa kwa wingi. Mzee Mbonde akageukia ukutani, hakumsemesha mtu siku sita, isipokuwa kila asubuhi aliuliza kama lori limepita.

Siku ya saba Daktari alimbonyeza tumbo, akatoka nje, akamwambia Mama Anyesi hatamaliza mwezi. Mama Anyesi akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwenye kalamu," alisema. Basi.

Sijui nilitoa wapi miguu. Nilichukua nakala za barua zangu mbili, maana naandika kwanza kwenye daftari, nikaenda mpaka shambani kwa Mzee Kindamba. Nikafika, nikaamkia, nikasimama pembeni. Akapalilia tuta zima akiningoja.

"Mjukuu, umekuja kusaidia kivuli?"

Nikafungua daftari nikamsomea, kwa kuwa kusoma naweza. Ya kwanza alicheka. Kwenye "mzima wa afya njema" alishika mpini wa jembe ili asianguke. Nikamsomea ya pili, na habari ya pweza. Hapo akaacha kucheka.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi."

"Umesomea?"

"Ndiyo, babu."

"Pole." Akakaa juu ya tuta. "Andika sasa. Usimsalimie."

Nikaandika. Alisema, *Rashidi, mwana wa Mbonde, kichwa maji kama baba yako. Baba yako anakufa.* Hapo kalamu ikasimama. Nikaandika neno jingine.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika, baba yako anaumwa sana."

"Hilo ni lako. Andika langu."

Nikalifuta, nikaandika lake. Ni neno fupi. Lilinitoa jasho kuliko mtihani wote wa hesabu. Mengine yakaja yenyewe:

*Tumbo lake ni ngoma na miguu yake ni vijiti vya kuipigia. Mama yako amefungwa naye kwa kanga kama mbuzi wa sadaka na halali akikungoja wewe. Pweza wako ameliwa na wauguzi. Njoo na sanda, kwa sababu yangu simwazimi maiti mchafu. Usipokuja nitamzika mimi, na nitamlaza makusudi anatazama kwa wakwe zake, aone aibu mpaka kiyama. Mimi mtani wenu, Kindamba.*

Sikuipitisha kwa katibu kama utaratibu unavyotaka. Nilimpa utingo wa lori mkononi, naye akaapa ataifikisha Kivinje kwa nahodha anayemjua. Kisha nikarudi kugeuza wagonjwa, na kila nilipomfikia Mzee Mbonde niliona nimemwibia kitu.

Rashidi alifika siku ya tano, mchana. Wageni walikuwepo sita, Mwenyekiti mmojawapo, wakimweleza mzee kwamba rangi yake imerudi. Mlango ukafunguka, akaingia kijana mwenye chokaa kwenye suruali mpaka magotini, na kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Gazeti lilikuwa limechanika kona. Kila mtu aliiona ile bafta nyeupe ya sanda.

Ile kwaya ya utapona ilikufa palepale. Mwenyekiti akainuka akakaa akainuka. Mimi nilijificha nyuma ya pazia, naungama, na niliyoyaona nimeyaona kwa tundu.

Rashidi alipiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee Mbonde alitazama gazeti kwa muda. "Kindamba ndiye kakuandikia."

"Ndiyo, baba."

"Umenunua yadi ngapi?"

Rashidi akamtajia. Hakuweza kuinua uso.

"Nyingi hizo," Mzee Mbonde alisema. "Hukuandikiwa kwamba nimepungua?"

Akacheka. Alicheka yeye kwanza, peke yake, kikohozi na kicheko pamoja, kisha Rashidi akacheka huku machozi yanamtoka, na Mama Anyesi akageuka akaanza kupanguza beseni lililokuwa kavu. Kumbe mzee alijua. Alijua siku ile ninamsomea "mzima wa afya njema" akasema nimeandika vizuri. Alikuwa anatuhurumia sisi.

"Mfungue mama yako," alimwambia mwanawe.

Fundo la kanga lilikuwa limekaza kwa jasho. Rashidi alilifungua kwa meno, akalitoa mkononi kwa mama yake, akalifunga kwake. Bi. Somoe aliutazama mkono wake mtupu. Kisha akatembea mwenyewe mpaka stoo, hakungoja mkeka, akalala. Tulimtandikia akiwa amelala. Aliamka kesho yake jua limetoka, akauliza ni siku gani.

Mzee Mbonde aliishi wiki mbili nyingine, na Kindamba akawa anaingia kila siku chini ya ubao wa marufuku, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa na shughuli nyingi sehemu nyingine. Walibishana juu ya yule kuku mpaka mwisho, na hawakuafikiana. Rashidi alimgeuza baba yake kila saa mbili, vizuri kuliko mimi. Waashi wana mikono. Siku ya kuzika, Kindamba aliingia kaburini, akalala chali humo, akasema hatoki mpaka alipwe kuku, na Bi. Somoe, aliyeletewa habari hiyo ndani alikokuwa na wanawake, ndipo alipocheka mara ya kwanza. Alipokaa eda tulimpelekea maji na kuni kila wiki. Hiyo nayo ni kazi yenu. Mgonjwa akifa msifunge daftari.

Ubao wa marufuku ulitolewa. Katika taarifa ya kijiji iliyopelekwa wilayani imeandikwa, na nakala nimeinakili mimi mwenyewe kwa mwandiko wa kulala, kwamba Kamati, kwa kuona mbali, imeanzisha huduma ya utani kwa wagonjwa. Mzee Kindamba ametajwa kama mjumbe. Ubao wenyewe anaukalia akija, anasema hauchomi makalio kama kiti cha kamba.

Sasa mimi naenda chuo cha ualimu, ambako nitafundisha watoto kuandika barua, Mungu awasaidie. Mwajuma, wewe una sauti, chukua wageni. Tabu, wewe una haya kama mimi, kwa hiyo barua zitakuwa zako. Mtu akikwambia andika kuwa hajambo, muulize mara mbili, na mara ya pili umtazame. Neno likikushinda, nenda kwa Mzee Kindamba, ila upeleke na jembe.

Kanga ya Bi. Somoe iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Aliiacha mwenyewe. Imechakaa, na itawavutia kuifanya tambara la sakafu. Msiifanye. Ncha moja bado ina alama za meno.